Maswali ya Wasomaji: Kucha za Marehemu wa Maktabani

Tangu safu hii ilipoigusia, katika toleo lililopita, tamthilia ya BBC ya mwaka 1984 iitwayo The Body in the Library, ambamo Joan Hickson anaigiza kama Miss Marple, bibi kizee mpelelezi wa kijijini katika riwaya za Agatha Christie, barua zimemiminika kiasi cha kunifanya niitenge safu nzima ya mwezi huu kwa ajili ya kisa hicho kimoja. Majibu yatamtaja muuaji waziwazi, kwa hiyo anayetaka kuitazama tamthilia bila kujua mwisho wake na ageuze ukurasa sasa hivi.

Kwa ambaye hakuiona na hajali kuharibiwa utamu, mambo yanaanza hivi. Asubuhi moja, katika nyumba ya Kanali Bantry na mkewe Dolly, kijijini St Mary Mead, mjakazi anaingia maktabani na kukuta maiti ya msichana mwenye nywele za dhahabu, amevaa gauni la usiku la kumetameta, amenyongwa. Hakuna mtu nyumbani humo anayemfahamu. Polisi wanapata habari kwamba Ruby Keene, msichana wa miaka 18 aliyeajiriwa kucheza dansi katika Hoteli ya Majestic, mji wa pwani wa Danemouth, hajulikani alipo; binamu yake, Josie Turner, anaitwa, anautazama mwili, anasema ndiye. Hotelini humo anaishi mzee tajiri, Conway Jefferson, ambaye ajali ya ndege ilimwondolea mke, mwana, binti na miguu yake yote miwili, na ambaye alikusudia kumlea Ruby kama mwanawe na kumwachia pauni 50,000. Wakwe zake wawili, Mark Gaskell aliyemwoa binti na Adelaide aliyeolewa na mwana, walikuwa wakizitazamia fedha hizo. Wakati huohuo msichana wa shule aitwaye Pamela Reeves, wa kundi la Girl Guides, hakurudi kwao, na mabaki yanayodhaniwa kuwa yake yanakutwa ndani ya gari lililoteketezwa kwenye machimbo ya mawe.

Swali: Ndugu Mhariri, mimi na mume wangu hatuelewani kwa sababu ya tamthilia hii. Mimi niliitazama miaka mingi iliyopita na ninakumbuka vizuri kwamba wauaji ni Mark Gaskell na Josie. Mume wangu ameitazama mwaka huu na anaapa kwamba Mark hana hatia, na kwamba aliyeshirikiana na Josie ni Adelaide. Nani kati yetu alisinzia? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Hakuna aliyesinzia, mama. Mmetazama tamthilia mbili tofauti zenye jina moja. Wewe uliiona ile ya BBC, iliyorushwa katika sehemu tatu mara tu baada ya Krismasi ya mwaka 1984. Mumeo ameiona ile ya kituo cha ITV cha Uingereza, iliyorushwa Desemba 2004, ambamo Miss Marple anaigizwa na Geraldine McEwan. Riwaya yenyewe ya Agatha Christie, iliyochapishwa mwaka 1942, inakuunga mkono wewe: wauaji ni Mark na Josie, ambao walikuwa wameoana kwa siri. Waandishi wa mwaka 2004 walimwondoa Mark katika njama hiyo, wakamweka Adelaide mahali pake, na wakaifanya siri ya wawili hao kuwa mapenzi baina ya wanawake.

Nimeulizwa mara kadhaa kama mabadiliko hayo yanafaa. Sina ugomvi na mwandishi anayetaka kumshangaza mtazamaji aliyekwisha kuujua mwisho, kwani hadithi hii imesomwa na watu wengi mno, na anayeitengeneza upya ana haki ya kuogopa kwamba nusu ya watazamaji watakuwa wakipiga miayo. Ninachosikitikia ni kitu kimoja tu. Riwayani, Miss Marple hatosheki na hisia zake. Anataka karatasi, na karatasi hiyo ni cheti cha ndoa ya Mark na Josie, kilichopatikana katika kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo zilizokuwa zikihifadhiwa Somerset House, London. Ndoa ni jambo la kiserikali, haifichiki kwa atakayekwenda kuitafuta. Wanawake wawili wa Uingereza ya miaka hiyo hawakuwa na njia yoyote ya kufunga ndoa kisheria, kwa hiyo muuaji alipobadilishwa, karatasi nayo ilitoweka, na ushahidi mmoja wa kushikika mkononi ukapotea pamoja nayo. Hilo ndilo nililolikosa mimi nilipoitazama ya pili. Mengine yote, pamoja na rangi zake za kung'aa kama vitenge vipya, yalinifurahisha.

Swali: Shikamoo. Nimeitazama mara tatu na bado hesabu ya saa inanishinda. Daktari anasema msichana alikufa kati ya saa nne na saa sita usiku. Ruby alionekana hotelini akicheza dansi karibu na saa tano. Mark na Josie walikuwa mezani wakicheza karata mbele ya watu mpaka saa sita. Sasa walimuua saa ngapi? (Mwanafunzi, Mombasa)

Jibu: Marahaba. Hesabu yako ni sahihi kabisa, na ndiyo maana inakushinda, kwa sababu umeianza na jina. Umechukulia kwamba daktari alisema Ruby alikufa kati ya saa nne na saa sita. Daktari hakusema hivyo. Alisema kwamba msichana aliyelala mbele yake alikufa kati ya saa hizo. Jina la Ruby lilitoka kinywani mwa Josie.

Ukiliondoa jina hilo, kila kitu kinakaa mahali pake. Wasichana walikuwa wawili na maiti zilikuwa mbili, na majina yao yalibadilishwa. Pamela, yule wa Girl Guides, alidanganywa kwamba atafanyiwa majaribio ya kuigiza filamu. Akaja hotelini kwa siri, na Josie akampaka dawa nywele zikawa za dhahabu, akampamba uso, akampaka rangi kucha, akamvika gauni la Ruby, kisha Pamela akalewa dawa aliyotiliwa katika kinywaji. Baada ya chakula cha usiku Mark aliaga kwamba anakwenda kuzungusha gari kidogo. Alimpeleka msichana huyo aliyepoteza fahamu mpaka St Mary Mead, kwenye nyumba ya kijana wa mambo ya filamu aitwaye Basil Blake, akamnyonga humo, akamwacha, na ilipofika saa tano kasoro dakika ishirini alikuwa amekwisha kurudi na kuketi mezani na karata mkononi, pamoja na mzee Jefferson, Adelaide na Josie.

Hapo ndipo penye werevu wa njama hii. Ruby mwenyewe bado alikuwa hai, akicheza dansi mbele ya ukumbi mzima. Kwa hiyo kila aliyewaambia polisi kwamba alimwona Ruby muda mfupi kabla ya saa tano alisema kweli. Kila aliyeapa kwamba Mark hakuondoka mezani mpaka saa sita alisema kweli. Daktari alisema kweli. Polisi walikusanya ushahidi wa watu wengi waaminifu, wakaujenga juu ya neno moja la uongo lililotamkwa mbele ya maiti: ndiye. Ruby aliuawa na Josie baada ya saa sita, akatiwa ndani ya gari la mgeni mmoja wa hoteli, likapelekwa machimboni na kuchomwa moto, na kilichobakia cha kutambulika, kiatu na kifungo cha sare ya Girl Guides, kikawafanya watu wamlilie Pamela.

Na maktaba je? Maktaba ni bahati mbaya tu. Wauaji walitaka lawama imwangukie Basil Blake. Yeye alirudi kwake usiku akiwa amelewa, akakuta maiti sebuleni, akaona njia rahisi ya kuondokana na balaa na wakati huohuo kumkomoa mzee wa kijijini aliyekuwa akimdharau. Akaibeba mpaka kwa Kanali Bantry. Christie mwenyewe alieleza katika dibaji ya riwaya hiyo kwamba maiti kukutwa maktabani ilikuwa imekwisha kuwa desturi ya hadithi za aina hii, naye alitaka maktaba iwe ya kawaida kupindukia na maiti iwe ya ajabu kupindukia. Kwa mzaha huo alipata hadithi ambayo maktaba yenyewe haihusiki na mauaji hata kidogo.

Sasa zije kucha, maana wewe na wengine wanne mmeuliza Miss Marple alijuaje. Aliutazama mwili akaona kucha zimetafunwa. Baadaye Peter, mtoto mdogo wa Adelaide, ambaye anayachukulia mauaji haya kama burudani aliyoletewa na likizo, anamwonyesha hazina yake: riwayani anafungua kibiriti, na ndani yake umo ukucha wa Ruby, mrefu, uliokwama kwenye shali ya Josie na kukatika. Kuna jibu jepesi hapo, nalo linatolewa: ukucha mmoja ukikatika, msichana mwenye kujipenda atazikata na nyingine zote zilingane. Ni kweli. Lakini kucha zilizokatwa zina ukingo laini uliofuata umbo la kidole. Kucha zinazotafunwa kila siku, na hapa nawaomba radhi wote waliolelewa na shangazi mkali kama wangu, ukingo wake ni wa kuchongokachongoka, umerudi nyuma hadi penye maumivu, na nyama ya ncha ya kidole imetuna mbele yake. Hazipatikani kwa usiku mmoja. Ni tabia ya miaka, na kwa kawaida ni tabia ya mtoto wa shule, si ya mchezadansi ambaye mikono yake hutazamwa na wateja kila jioni.

Polisi waliziona kucha zilezile. Waliona kucha fupi, wakaridhika.

Swali: Mimi ni askari mstaafu. Ninaomba kuelezwa kwa nini polisi wa Uingereza, waliokuwa na utaalamu wa alama za vidole miaka mingi kabla ya tukio hili, hawakulinganisha vidole vya maiti na alama zilizomo chumbani kwa Ruby. Kazi ya nusu saa ingemaliza hadithi nzima. (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Afande, umelishika shimo kubwa kuliko yote, na sitajaribu kulifukia. Polisi wa London walianzisha idara yao ya alama za vidole mwaka 1901, yaani miaka 41 kabla ya riwaya hii kuchapishwa, na chumba cha Ruby kilikuwa palepale hotelini, na kioo chake, na vichupa vyake vya manukato. Kazi hiyo ingewezekana.

Utetezi pekee ninaouona ni huu, nawe utauamua kwa uzoefu wako: mpelelezi huchunguza anachokitilia shaka. Binamu wa damu ameletwa, ameangalia, ametaja jina, na jina hilo linalingana na mtu aliyetoweka usiku uleule. Mpaka leo, katika mochwari zetu, ndugu ndiye anayeitwa kuutambua mwili, na neno lake likishatoka, hakuna anayempinga mtu aliyesimama pale katika majonzi. Christie aliyajua hayo. Hakuutegemea upumbavu wa polisi, aliitegemea adabu yao.

Wapo pia waliouliza kuhusu vipimo vya vinasaba. Hivyo havikuwapo wakati wa hadithi, wala havikuwa vimeanza kutumika katika upelelezi tamthilia ilipotengenezwa. Profesa Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua namna ya kumtambua mtu kwa vinasaba mnamo Septemba 1984, miezi mitatu tu kabla ya Joan Hickson kuonekana katika runinga akiinamia mwili huo. Ni sadfa inayonichekesha kila nikiikumbuka, kwa kuwa ugunduzi huo ndio uliozifanya hadithi za maiti kubadilishwa majina zisiweze kuandikwa tena ila kwa kuzirudisha katika miaka ya zamani.

Swali: Inaingia akilini kweli kwamba bibi kizee anayefuma sweta atawashinda wapelelezi wenye mafunzo? Kwangu mimi hilo ni jambo la kufurahisha watu tu. (Msomaji, Bujumbura)

Jibu: Ni la kufurahisha, sikatai. Lakini tazama tena jinsi anavyoshinda, kwa sababu hashindi kwa akili za ajabu. Polisi wanapowahoji wasichana wa Girl Guides, rafiki zake Pamela, hawapati chochote. Miss Marple anaketi pembeni, haulizi kitu, anawatazama tu wakiingia na kutoka. Mwishoni anamchagua mmoja, Florence, na kuomba azungumze naye peke yake, na kwa msichana huyo ndipo habari ya majaribio ya filamu inapotoka. Alimjuaje? Kila mtoto huingia kwa askari akiwa na woga. Huo si ushahidi wa lolote. Yeye alimtafuta yule ambaye, baada ya kuruhusiwa kwenda, mwili wake wote ulilegea alipofika mlangoni, kama mtu aliyetua mzigo. Miss Marple alikuwa amewafundisha kazi wasichana wengi wa nyumbani, na alikwisha kuiona hali hiyo mara nyingi kwa aliyevunja sahani na kuificha.

Mpelelezi aliyefunzwa humtazama shahidi anapojibu. Bibi aliyelea humtazama mtoto anapodhani ameachwa. Sidhani kama msomaji wetu atahitaji kwenda Uingereza ili ampate bibi wa namna hiyo.

Niongeze neno juu ya Joan Hickson, kwa kuwa amestahili. Alikuwa na umri wa miaka 78 tamthilia hii ilipoonyeshwa, na ilikuwa ya kwanza kati ya hadithi 12 za Miss Marple alizoziigiza, ya mwisho ikiwa ya mwaka 1992. Miaka ya 1940, baada ya kumwona katika igizo lake moja jukwaani, Christie alimwandikia kwamba anatumaini siku moja ataigiza kama Miss Marple. Hickson anaigiza kwa utulivu wa kukatisha tamaa, hatabasamu ovyo, hajipendekezi, na anaposikia uongo macho yake yanakaa palepale kwa sekunde moja zaidi. Kwa maoni yangu hakuna aliyemfikia, na barua za kunipinga nitazipokea kwa heshima zote.

Swali: Je, kijiji cha St Mary Mead kipo kweli? (Msomaji, Muscat)

Jibu: Hapana, ni cha kubuniwa. Kijiji unachokiona katika tamthilia za Hickson ni Nether Wallop, katika jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza, nacho kipo mpaka leo.

Swali: Watu husema hizi ni hadithi za mauaji zisizotisha, za kutazamwa na familia huku chai ikinywewa. Nilikaa na wanangu wawili nikaitazama hii, na binti yangu wa miaka 12 alilia mwishoni. Nilikosea? (Mama, Arusha)

Jibu: Hukukosea, na binti yako ameielewa tamthilia kuliko wengi wetu tuliokuwa tukihesabu saa na kucha. Ni kweli kwamba hadithi za namna hii zina adabu zake: damu haionyeshwi, kifo hutokea mlango ukiwa umefungwa, na mbele yetu huwekwa bustani, birika na viti vyenye vitambaa vya maua. Kwa sababu hiyo tunajiruhusu kucheka, hasa Kanali Bantry anapokataa kuamini kwamba kuna maiti nyumbani mwake kwa hoja kwamba mambo hayo hutokea vitabuni.

Lakini ondoa vitambaa vya maua uone kilichobaki. Ruby aliuawa kwa ajili ya pauni 50,000. Huo ni uovu tunaoujua, una sababu, hata kama ni sababu chafu. Pamela hakuuawa kwa ajili ya kitu chochote alichokuwa nacho. Hakuwa na fedha, hakujua siri ya mtu, hakumkosea yeyote. Alihitajika mwili wa umri ule na umbo lile, akatafutwa, akaahidiwa filamu, akaketi mbele ya kioo akapambwa na mtu aliyekuwa akijua kwamba anampambia mauti, na kwa vyovyote alifurahi alipojiona jinsi alivyopendeza. Nimesoma riwaya nyingi za Christie na sikumbuki mauaji mengine yaliyonikaa moyoni kama hayo. Sehemu ambayo Josie anampaka rangi kucha zile zilizotafunwa hatuonyeshwi kama tukio la kutisha. Tunaisikia tu ikielezwa, na nadhani ndipo alipolilia binti yako.

Kama atauliza, mwambie pia kwamba Miss Marple hakukubali mambo yaishie kwa maelezo matupu. Alipanga na mzee Jefferson atangaze kwamba anabadilisha wosia wake, na fedha ziende kwenye nyumba ya kuwasaidia wasichana wachezadansi. Usiku huo Josie aliingia chumbani kwa mzee na sindano ya dawa ambayo ingeusimamisha moyo wake uliokuwa dhaifu, akakamatwa sindano ikiwa mkononi. Na wazazi wa Pamela, ambao walikuwa wameambiwa kwamba mtoto wao ni yule aliyeteketea machimboni, walikuwa wamemlilia msichana mwingine.